Mnada na Duka: Mitandao ya Kijamii na Tovuti katika Biashara

Mada kwa Wajasiriamali wa Wilaya ya Kishapu



Kila mkazi wa Kishapu anaujua mnada. Siku yake watu hufurika, bidhaa huonekana na bei hujadiliwa papo hapo. Jioni uwanja hubaki mtupu. Mteja aliyekosa kununua humtafuta muuzaji mahali anapopatikana siku zote, yaani dukani kwake. Biashara ya mtandaoni nayo ina sura hizo mbili. Facebook, Instagram, TikTok na makundi ya WhatsApp ni mnada. Tovuti ni duka. Mfanyabiashara makini huvitumia vyote viwili.

Wajasiriamali wengi wameanzia mnadani, na hilo si kosa. Kurasa hizo hufunguliwa bila malipo, na wateja tayari wapo huko. Hatari huanza pale picha za bidhaa, mawasiliano ya wateja na sifa njema ya miaka mingi vinapohifadhiwa katika akaunti moja tu. Akaunti ikidukuliwa au ikifungwa, vyote hupotea kwa usiku mmoja. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp, ambazo zote ni za kampuni moja, zilizimika kwa takribani saa sita duniani kote. Mwenye tovuti aliendelea kuonekana. Asiye nayo alisubiri.

Chukueni mfano wa kikundi kinachokamua mafuta ya alizeti. Katika mitandao ya kijamii kikundi huonesha kazi ya leo na kujibu maswali ya wateja. Katika tovuti hueleza mambo yasiyobadilika kila siku: ujazo wa chupa, bei, mahali kilipo, usajili wake na namna ya kulipa. Mnunuzi mkubwa, awe mwenye hoteli mjini Shinyanga au msimamizi wa manunuzi mgodini Mwadui, haridhiki na picha nzuri pekee. Hutaka kujua anafanya biashara na nani. Chapisho humvuta mteja, tovuti humthibitishia.

Uthibitisho huo ni kinga pia. Matapeli hunakili picha za wafanyabiashara waaminifu, hufungua kurasa za bandia na kupokea fedha za watu. Pale tovuti inapotaja namba sahihi ya simu na jina la mpokea malipo, mteja hulinganisha kabla ya kutuma. Namba iliyotuma ujumbe wa kitapeli itolewe taarifa kupitia 15040.

Yapo mambo manne ya kuzingatia. Kwanza, jina, nembo na namba ya simu vifanane kila mahali, na kila ukurasa wa mtandao wa kijamii uwe na anwani ya tovuti. Pili, anwani hiyo, kwa mfano inayoishia na .co.tz, isajiliwe kwa jina la biashara na si la fundi aliyeitengeneza, na ada yake ya mwaka ilipwe kwa wakati. Tatu, picha ziwe nyepesi, kwani wateja wengi huperuzi kwa bando dogo. Nne, akaunti zote ziwekewe uthibitisho wa hatua mbili, na nywila isizagae kwa kila mwanakikundi.

Asiye na uwezo wa kumiliki tovuti peke yake anaweza kuungana na wenzake wakachangia moja. Vikundi vinavyoomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, vioneshe gharama hizo mapema katika andiko la mradi, zisije kuwa dharura baadaye.

Wahenga walisema chema chajiuza. Usemi huo ungali kweli, ila chema hakijiuzi mahali kisipoonekana, wala hakiaminiki mahali mwenyewe asipojulikana.