Mzegazega na Mbeleko: Mali na Safari katika Kijiji cha Java

Kisiwa cha Java kimo katika nchi ya Indonesia. Urefu wake toka magharibi hata mashariki wapata kilomita 1,000, na eneo lake lote halifiki robo ya Kenya. Lakini hesabu ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba watu wakaao humo ni kama milioni 150. Udongo wa milima ya moto ndio unaowalisha wengi hivyo. Milima hiyo ni ya hatari. Kelud peke yake, ulipolipuka mwaka 1919, uliua watu wapatao 5,000. Hata hivyo majivu yakiisha kupoa hurutubisha mashamba, na wakulima hurudi pale pale walipofukuzwa.

Kijiji cha Java, kikitazamwa kwa mbali, chafanana na kisiwa cha miti katikati ya maji. Maji ni ya majaruba ya mpunga; miti ni minazi, migomba, mifenesi, mipapai na mianzi iliyozizunguka nyumba. Bustani hiyo ya nyumbani huitwa pekarangan, nayo si pambo. Humo hutoka mboga, dawa, kuni, mayai ya kuku na nazi za kuuza, na katika miezi ambayo mpunga haujaiva bustani ndiyo ghala. Mgeni hudhani ni kichaka tu. Mwenyeji ajua kila mti ni wa nani.

Jaruba ni mali moja, kiwanja ni mali nyingine, na nyumba ni mali ya tatu. Nyumba ya zamani ya mbao za msaji yaweza kufunguliwa vipande vipande, ikauzwa, ikachukuliwa na kusimamishwa mahali pengine, na kiwanja kikabaki kwa mwenyewe. Siku ya kujenga, mwenye nyumba huwaomba jirani zake wamsaidie. Kazi hiyo huitwa sambatan, na malipo yake ni chakula, pamoja na deni la kwenda kumsaidia jirani siku yake ikifika. Asiyekwenda hukumbukwa.

Zamani cheo cha mtu kijijini kilipimwa kwa mali hizo tatu. Wa kwanza alikuwa mwenye jaruba, kiwanja na nyumba; huyo alikuwa na sauti barazani, lakini ndiye pia aliyebeba kodi na kazi za lazima. Waholanzi walipoamuru, mwaka 1830, kwamba kila kijiji kitenge sehemu ya tano ya ardhi yake kwa kulimia mazao ya serikali kama vile miwa na nili, mzigo huo uliwaangukia wenye majaruba. Chini yao walikuwako wenye kiwanja na nyumba tu. Chini zaidi, waliojenga katika kiwanja cha mwenzao. Na mwisho, waliolala chini ya paa la mtu mwingine. Jumbe wa kijiji, aitwaye lurah, hakupewa mshahara wa fedha. Alipewa jaruba la cheo, bengkok, alilime muda wote awapo madarakani, kisha alimwachie atakayemfuata. Si ajabu kwamba uchaguzi wa jumbe ulishindaniwa sana.

Sasa mzee akifa, mali yake hugawanywaje? Wajava wengi ni Waislamu, na sharia ya dini humpa mtoto wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja. Wao huieleza kwa mfano wa mizigo. Mwanamume huchukua mzigo kwa mzegazega, kikapu mbele na kikapu nyuma. Mwanamke huchukua kikapu kimoja mgongoni kwa nguo kama mbeleko. Lakini mila ya zamani ya Kijava huwapa watoto wote sawasawa, wa kiume na wa kike, na jamaa wengi hufuata mila hiyo, au hupatana wenyewe. Tena mwanamke huwa na mali yake mwenyewe: alichokuja nacho katika ndoa ni chake, na walichochuma pamoja na mumewe hugawanywa wakiachana. Fedha za nyumba, kwa kawaida, hukaa mkononi mwa mke.

Haki hiyo ni njema, lakini ina hesabu ngumu. Chukueni mfano wa mzee mwenye hekta moja, yaani eka mbili na nusu, na watoto wanne. Wakigawana sawasawa kila mmoja apata robo. Kila mmoja wao naye akizaa wanne, mjukuu atarithi kipande cha meta 25 kwa meta 25. Ng'ombe wa jembe akigeuka mara chache amekimaliza.

Kwa hiyo ndugu hutafuta njia. Mmoja hununua mafungu ya wenziwe, au hulima kwa zamu, huyu mwaka huu na yule mwaka ujao. Asiye na jaruba hulima la mwenziwe, na mavuno hukatwa nusu kwa nusu. Mahali penye watu wengi kuliko ardhi, mlimaji huridhika na theluthi. Mwenye shida ya fedha huweka jaruba lake rehani, na aliyemkopesha hulilima mpaka alipwe. Sheria ya mwaka 1960 iliamuru kwamba shamba lililokaa rehani miaka 7 au zaidi lirudishwe kwa mwenyewe bila malipo. Sheria ni nzuri. Lakini maskini ajuaye kwamba kesho atahitaji mkopo mwingine huona vigumu kumdai tajiri wa kijiji chake.

Zamani wasio na ardhi walikuwa na haki yao wakati wa mavuno. Wanawake walikuja kwa makundi, kila mmoja na kisu kidogo kiitwacho ani-ani, kifichwacho kiganjani, wakakata mpunga suke kwa suke, ili, kama walivyoamini wazee, wasimwogofye Dewi Sri, roho ya mpunga. Kila mvunaji alipata fungu la alichokata. Baada ya mwaka 1970 mpunga mpya mfupi ulipoenea, wenye mashamba wengi waliuza mavuno yangali shambani kwa wafanya biashara, nao wakaleta wanaume wachache wenye mundu. Vinu vya mashine vikachukua kazi ya kutwanga. Mpunga ukaongezeka, hata mwaka 1984 Indonesia ikajitosheleza kwa mchele. Lakini mjane aliyetegemea fungu lake la mavuno alirudi na kikapu kitupu.

Ndipo watu husafiri. Safari fupi ni ya sokoni. Wiki ya Kijava ina siku tano, Legi, Pahing, Pon, Wage na Kliwon, na masoko mengi yamepewa majina ya siku hizo. Wanawake walitoka alfajiri, wakipita juu ya matuta ya majaruba. Wakutanapo njiani huulizana, "Waenda wapi?" Ni salamu tu, jibu lolote latosha. Kisha zilikuja baiskeli, magari madogo ya abiria, na siku hizi pikipiki katika kila ua.

Safari ndefu ni ya kutafuta riziki. Mwaka 1890 Wajava 94 wa kwanza walifika Suriname, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, kufanya kazi za mashamba ya mkataba, na hata mwaka 1939 walikuwa wamefikia karibu 33,000. Mwaka 1905 serikali ilihamisha jamaa 155 kutoka Kedu mpaka Lampung katika kisiwa cha Sumatra, ili wapewe ardhi. Vijana wa siku hizi huenda Jakarta na Surabaya, katika viwanda na ujenzi.

Lakini kila mwaka, mfungo wa Ramadhani ukiisha, mamilioni hurudi vijijini kwa treni, mabasi na pikipiki zilizofungwa mizigo mpaka juu. Mdogo hupiga magoti mbele ya mkubwa kumwomba radhi. Wakiisha kula, ndugu hukaa barazani na kuulizana habari za jaruba la baba: limetoa magunia mangapi, nani ameomba kulinunua, na kama aliyebaki kulilima ataendelea msimu ujao. Mara nyingine hupatana, mara nyingine hawapatani. Siku ya kuondoka mama humfungia kila mmoja mchele wa jaruba hilo, auchukue mjini.