Taa ya Dari: Fyuzi na Ikae Mfukoni Mwako

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama, Mombasa)



Tumeombwa tuseme machache juu ya kazi ambayo si ya reli, lakini wengi wetu twaifanya siku za mapumziko, nayo ni kubadilisha taa ya dari nyumbani. Mtu akishajulikana mtaani kwamba anafanya kazi reli, huhesabiwa fundi wa kila kitu. Awe karani, awe mpiga bendera, jirani atamwambia, "Bwana, wewe ni mtu wa mashine, hebu tutazamie taa." Naye kwa haya hupanda ngazi.

Sasa na tufikiri. Tukiumia karakana, iko sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini, na chama kina mahali pa kushika. Lakini aliyepigwa na stima nyumbani kwake siku ya Jumapili, sheria hiyo haimhusu. Mshahara hukatika, ada ya watoto hukosekana, na chama hakina mtu wa kumwandikia barua ya madai. Kwa hiyo hapa hatuna ulinzi ila akili zetu wenyewe.

Wengi husema, "Nimezima swichi ya ukutani, yatosha." Haitoshi, ndugu. Katika kazi yetu, mtu akiingia chini ya behewa haendi kwa kuamini kwamba injini imesimama. Sharti kwanza aweke bendera nyekundu, na bendera ile haiondolewi na mtu mwingine ila yeye aliyeiweka. Nyumbani nako twataka bendera.

Na tueleze kwa nini. Kile kikombe cha dari, ambacho mafundi hukiita rozi, katika nyumba nyingi zilizotiwa waya kwa desturi ya Kiingereza kina jozi tatu za waya. Jozi ya kwanza yaleta stima kutoka boksi la fyuzi. Ya pili yaipeleka kwenye taa ya chumba kingine. Ya tatu yashuka mpaka swichi ya ukutani na kurudi. Basi ukizima swichi, umeondoa stima kwenye globu tu. Waya nyekundu ya jozi ya kwanza ingali na stima yote mle mle kikombeni, karibu na vidole vyako. Tena waya nyeusi irudiyo kutoka swichi si nyeusi ya kweli: swichi ikiwashwa, ndiyo iletayo stima kwenye globu. Anayefunga nyekundu zote pamoja na nyeusi zote pamoja, atasikia kishindo mara swichi itakapobonyezwa.

Wala tusidhani kwamba taa ni kitu kidogo. Stima ya nyumbani kwetu ni volti 240. Globu ya wati 60 hula robo ya ampea, yaani miliampea 250. Lakini miliampea 30 tu zikipita kifuani zaweza kuufikisha moyo mahali pa hatari. Na fyuzi ya taa, ambayo kwa kawaida ni ya ampea 5, haitakatika kwa sababu yako. Fyuzi hulinda waya isiungue, mtu hailindi.

Mji wa Kale una mambo yake zaidi. Stima iliingia Mombasa mwaka 1908, wakati Bwana Harrali Esmailjee Jeevanjee alipoleta mtambo uliokuwa wa Sultani wa Unguja. Tangu hapo kila kizazi kimeongeza waya zake. Katika nyumba moja ya Kibokoni au Kuze waweza kukuta waya za zamani, nyekundu na nyeusi, zimeungwa na za siku hizi, kahawia na buluu. Nyumba nayo imegawanywa kwa wapangaji, na taa ya ngazini huenda yatoka mita ya jirani. Hewa ya bahari nayo hula shaba na skrubu.

Basi utaratibu ni huu.

Kwanza, fanya kazi mchana. Jaribu testa yako kwenye soketi yenye stima, uone yafanya kazi. Testa ya ncha mbili ni bora kuliko bisibisi yenye kitaa.

Pili, zima swichi kubwa, ng'oa fyuzi ya taa, uitie mfukoni mwako. Hiyo ndiyo bendera yako. Kama boksi ni la swichi ndogo za kisasa, izime, uigandishe kwa tepu, na umwambie kila mtu wa nyumba, watoto pia. Usifanye kazi kwa kutegemea kwamba stima imepotea mtaa mzima. Itarudi bila kubisha hodi.

Tatu, tumia ngazi ya mbao iliyo kavu, uvae viatu, na mtu mzima aishike chini.

Nne, fungua kikombe, na kabla ya kugusa shaba, pima kila waya. Kisha ipime testa tena penye stima, hata kwa jirani, ili ujue haikukudanganya. Kama waya mojawapo ina stima, teremka. Hiyo yatoka mahali pengine.

Tano, chora kwenye karatasi kila waya ilipokaa, na ile nyeusi ya swichi uizungushie tepu nyekundu. Hamisha moja moja.

Sita, taa ya chuma sharti ifungwe kwenye waya ya kijani ya ardhi. Kama darini haimo, nunua ya plastiki. Na usiining'inize taa nzito kwa waya zake, wala usiipigilie kwenye chokaa. Skrubu na ziingie kwenye boriti, baada ya kuigonga na kujua kwamba mchwa hawakuila.

Ukirudisha fyuzi ikaungua, usitie waya nene mahali pake. Zima, uite fundi. Vivyo hivyo ukikuta mpira wa waya unavunjika kama chapati kavu, au dari ina maji. Na kuvuta waya mpya ni kazi ya fundi mwenye leseni ya serikali; hapo tusijitie.

Mwenzako akishikwa na stima, usimshike. Kata stima kwanza. Usipoweza, msukume kwa mti mkavu, kisha mpelekeni hospitali hata akisema hajambo.

Ndugu, hakuna aibu kumwambia jirani, "Kazi hii siiwezi, tumwite fundi." Ujira wa fundi ni wa siku moja. Na yule aijuaye kazi, asipande ngazi kabla fyuzi haijaingia mfukoni mwake. Tahadhari kabla ya hatari.