Shule ya Parokia na Mtoto wa Jirani

Hotuba ya mwalimu wa dini kwa Wakristo, wazazi na walimu wa Umwe



Nimeombwa niseme juu ya shule ya msingi ya parokia, taratibu zake na malezi yake. Katika Torati mwaka wa jubilei ulikuwa mwaka wa kuwafungua watumwa na kumrudishia maskini shamba lake. Haukuwa mwaka wa kujisifu. Basi sitahesabu majengo wala madawati. Nitauliza neno moja tu: Shule ya parokia ni ya nani?

Wako wasemao, Ni ya Wakristo, maana sadaka zao ndizo hujenga. Wako wasemao, Ni ya mwenye ada, maana ada humlisha mwalimu. Maneno yote mawili yana sehemu ya kweli, lakini hayatoshi. Padre hukabidhiwa parokia yenye mipaka ya nchi, na ndani ya mipaka hiyo wamo wabatizwa na wasiobatizwa, wenye mali na wasio na kitu. Wote ni jirani zake. Kwa hiyo nasema kwamba shule ya parokia hupimwa kwa jinsi inavyompokea mtoto ambaye watu wangedhani si wake.

Tuanze na mambo yaliyopita. Mwaka 1868 Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja wakaja Bagamoyo. Wanafunzi wao wa kwanza walikuwa watoto waliokombolewa utumwani, maana soko la watumwa la Unguja lilikuwa bado wazi, nalo halikufungwa mpaka mwaka 1873. Watoto wale hawakuwa na baba wa kulipa ada wala mjomba wa kuwasemea, na wengine walikuwa wametoka mbali sana, hata pande za Ziwa Nyasa. Walifundishwa kusoma na kuandika, sala, kilimo na kazi za mikono. Basi mzizi wa shule ya Kikatoliki pwani hii ni mtoto asiye na mwenyewe. Shule ikimsahau huyo, imekata mzizi wake.

Mwaka 1928 Askofu Arthur Hinsley, mjumbe wa Baba Mtakatifu Pius XI, alikutana na wakuu wa misioni Dar es Salaam. Aliwahimiza kushirikiana na Serikali katika kazi ya elimu, hata akawaambia kwamba mahali wasipoweza kufanya yote mawili, ni afadhali shule itengenezwe vema kwanza, jengo la kanisa lingoje. Siku zile shule nyingi za vijijini zilikuwa banda la makuti au kivuli cha mwembe, na mwalimu wake alikuwa katekista. Wazee wetu hao walifanya kazi kubwa kwa ujira mdogo, nasi leo twala matunda ya miti waliyoipanda wao.

Lakini haifai kusifu nusu na kuficha nusu. Shule za misioni zilistawi mahali misioni ilipokuwa na nguvu. Huku pwani, kwenye Waislamu wengi, wazazi wengi waliogopa kumpeleka mtoto wao shuleni, wasije wakampokea amebadilishwa dini. Hivyo nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, sehemu kubwa ya waliosoma walikuwa watoto wa misioni, na wengine walikuwa nyuma. Ndipo Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikazitia shule za mashirika ya dini mikononi mwa Serikali. Rais wa wakati ule, Mwalimu Julius Nyerere, alikuwa Mkatoliki, tena alikuwa amefundisha katika shule za Kikatoliki za Tabora na Pugu. Wakristo wengine walihuzunika sana. Hata hivyo tangu siku hizo mtoto wa Mwislamu na mtoto wa Mkristo waliketi dawati moja, na mzazi hakuogopa.

Katika miaka ya 1990 mlango ulifunguliwa tena, mashirika na watu binafsi wakaruhusiwa kuwa na shule za msingi. Kanisa likaingia tena katika kazi yake ya kale. Lakini aliyerudi nyumbani baada ya safari ndefu huulizwa amejifunza nini njiani. Nasi twaulizwa vivyo hivyo.

Sasa tuitazame nchi yetu hii. Hapa Umwe, Ikwiriri, na kule Kibiti mpaka visiwa vya deltani, majirani zetu wengi ni Waislamu. Watoto wengi wakitoka shuleni huenda chuoni kusoma Kurani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 watu wa bondeni walihamishwa na Serikali wakae mahali pa juu, lakini mashamba mazuri ya mpunga yalibaki bondeni. Kwa hiyo msimu ukifika jamaa nzima hushuka, hukaa katika dungu, huwinga ndege na kufukuza nguruwe na nyani, na mtoto huachwa na bibi au huchukuliwa pamoja nao. Tena Mto Rufiji una tabia yake: hutoa na hutwaa. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko yalizamisha nyumba na mashamba katika Rufiji na Kibiti. Shule isiyoyajua mambo haya itaandika kanuni nzuri kwenye karatasi, na watoto hawatakuwapo.

Basi ziwe kanuni gani? Nitataja tano.

Kanuni ya kwanza ni ya dini. Mtoto Mkatoliki afundishwe katekismu kwa bidii, ajue sala zake, aandaliwe kwa masakramenti. Hilo ni deni letu kwa wazazi wake. Mtoto Mwislamu asilazimishwe kusoma katekismu, wala kusali sala zetu, wala asivutwe kwa zawadi. Sheria ya Kanisa yakataza kumshurutisha mtu yeyote kupokea imani kinyume cha dhamiri yake, na Katiba ya nchi yetu yalinda uhuru huo huo. Tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa tamko juu ya malezi ya Kikristo, na siku ile ile ukatoa tamko juu ya heshima kwa dini nyingine, wakitajwa humo Waislamu. Matamko hayo mawili ni ndugu wa siku moja, tusiwatenganishe. Kwa matendo, maana yake ni hii: masomo yaishe mapema mtoto awahi chuoni, siku ya Ijumaa adhuhuri mlango uwe wazi kwa wanaokwenda kusali, mwezi wa Ramadhani asiwepo wa kumcheka mtoto aliyefunga.

Hapo mtu ataniuliza, Ikiwa ndivyo, Ukatoliki wa shule hiyo uko wapi? Namjibu: Msalaba utabaki ukutani, wala hatuuonei haya. Sala ya asubuhi itabaki, na asiyesali pamoja nasi atakaa kimya kwa adabu. Lakini zaidi ya hayo Ukatoliki wa shule utaonekana katika mwalimu asiyepokea rushwa, asiyemtazama mwanafunzi wa kike kwa macho mabaya, anayemwita kila mtoto kwa jina lake. Mtoto huenda asijue katekismu hata ukurasa mmoja, lakini akiisha kuwa mzee atasema, Kwa watu wale nilitendewa haki. Ushuhuda huo si mdogo.

Kanuni ya pili ni ya mlango, nayo yahusu mtoto mzito wa kuelewa. Siku hizi shule nyingi za kulipia zapenda kuchagua. Mtoto hupimwa kabla ya kupokewa. Akiwa dhaifu hukataliwa, na akidhoofika ndani hukaririshwa darasa au wazazi wake huambiwa wamtafutie shule nyingine, ili wastani wa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi usishuke. Ndugu zangu, mganga anayewapokea wenye afya tu atapata sifa ya kuponya wote. Je, huyo ni mganga? Mtihani ni kitu chema, nasi tuwatake watoto wetu wafaulu. Lakini shule ya parokia ijisifie mtoto aliyeingia hajui kusoma akatoka anajua, wala isijisifie kwa kumwondoa asiyejua.

Kanuni ya tatu ni ya ada. Serikali iliondoa ada katika shule zake za msingi mwaka 2001. Shule yetu haina hazina ya Serikali. Mwalimu ana watoto, naye astahili mshahara wake kamili, tena kwa wakati. Kumpunja mwalimu kwa jina la Mungu ni dhambi ile ile ya kumpunja kibarua. Basi ada itakuwapo. Lakini ada ikiachwa peke yake itafanya kazi ya ungo: wenye nacho watabaki juu, wasio nacho watapita chini. Ndipo parokia itapimwa. Kila jumuiya ndogo ndogo na imchukue mtoto mmoja maskini, Mkristo au asiye Mkristo, imlipie mpaka amalize. Asiye na fedha atoe debe la mpunga wakati wa mavuno. Tena jina la mtoto anayesaidiwa lisitangazwe kanisani wala kubandikwa ubaoni, maana msaada wenye aibu ni mzigo mwingine. Na mtoto ambaye ada yake imechelewa asirudishwe nyumbani mbele ya wenzake. Deni ni la watu wazima, nao waitwe wazungumze.

Kanuni ya nne ni ya kuhudhuria. Mtoto akikosa siku tatu, mwalimu aulize. Akikosa juma zima, mtu aende nyumbani. Msimu wa bondeni ukikaribia, mkutano wa wazazi uitwe kabla, wapatane nani atabaki na watoto. Mto ukifurika, mtoto aliyepoteza sare na madaftari apokewe kama alivyo. Na juu ya wasichana nasema wazi: mwanamwali anapowekwa ndani, shule isinyamaze, wala isiwatukane wazazi wake. Mwalimu mwanamke aende, akae mkekani, azungumze na bibi na kungwi, wapatane mafundisho ya kimila yaangukie siku za likizo. Kwa lugha ya heshima mengi hupatikana. Kwa matusi hupatikana mlango uliofungwa.

Kanuni ya tano ni ya adabu. Kanuni za Serikali za mwaka 2002 zimeiwekea mipaka fimbo ya shuleni: isizidi viboko vinne, atoe mwalimu mkuu au aliyepewa idhini naye, na iandikwe kitabuni. Hiyo ni mipaka ya sheria. Upendo waweza kwenda mbele zaidi. Mtakatifu Yohane Bosco, aliyefariki mwaka 1888, aliwalea vijana wa mitaani wa Torino kwa akili, dini na wema, akataka mlezi awe karibu na kijana kabla kosa halijatendeka. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee. Lakini kukunja si kuvunja. Mtoto anayesoma kwa kuogopa fimbo huacha kusoma fimbo ikiondoka.

Baada ya kanuni, niseme kwa nini nayasema haya kwa uchungu. Ninyi nyote mwazikumbuka siku za hofu zilizofikia ukali wake mwaka 2017 katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga, viongozi wa vijiji na askari walipouawa. Watu walifunga milango mapema, na jirani akamtazama jirani kwa shaka. Amani ya nchi kama hii hulindwa na dola, lakini huanzishwa mahali watoto wanapogawana kalamu. Waliogawana kalamu wakiwa na miaka 8 si wepesi wa kusadiki maneno mabaya juu ya wenzao wakiwa na miaka 28. Shule ya parokia ikiwa ya kundi moja tu, au ya wenye magari tu, itaongeza ukuta mmoja zaidi katika nchi ambayo haihitaji ukuta.

Wazazi, shule haiwezi kufanya kazi yenu. Kanisa lafundisha kwamba ninyi ndio walezi wa kwanza wa mtoto. Sisi tu wasaidizi. Fikeni shuleni hata siku ambayo hamkuitwa. Ulizeni mtoto amejifunza nini, hata kama wewe mwenyewe hukupata kusoma. Mtoto akijua ataulizwa, atasikiliza.

Walimu, ninyi mwasomwa kuliko vitabu. Mkichelewa, watoto wajifunza kuchelewa. Mkisema kweli, wajifunza kweli.

Wakristo wenzangu, msiseme, Tutapata faida gani kwa kumsomesha mtoto wa jirani? Wale mapadre wa mwaka 1868 wangeuliza swali hilo, wasingemkomboa hata mmoja. Na ninyi majirani zetu Waislamu, tusaidieni kulinda maneno haya: mkiona tumeyavunja, njoni mtuambie pale pale, msikae kimya, maana mtoto ni wetu sote.

Mwenyezi Mungu aibariki nchi ya Rufiji, mto wake na mashamba yake, na watoto wake wote. Amina.