Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

  Jioni hii twapenda kuwasimulia habari za safari fupi, safari ya siku mbili tu, tuliyoifanya mwezi wa Machi mwaka 2025, kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam kuwazuru rafiki zetu wa zamani. Haikuwa safari ya kazi wala ya msiba. Tulikwenda kusalimu, kula na kucheka. Lakini tulirudi na jambo lisilokuwa la kucheka, nalo ndilo lililotuleta mbele yenu leo.

Tusemapo "sisi", maana yake ni walimu wawili wa chuo kimoja cha ualimu. Miaka ishirini iliyopita tulikuwa wanafunzi katika chuo kama hicho, na katika bweni letu alikuwamo mtu mmoja aliyetupita wote kwa umri. Yeye alikuwa amekwisha kufundisha miaka mingi, akarudi kusoma ili aongeze cheo. Tulimwita Kengele, kwa sababu alituamsha alfajiri kabla ya kengele yenyewe kulia. Na usiku, umeme ulipokatika, ndiye aliyewasha taa ya mafuta akatusomea vitabu kwa sauti, hata wavivu wakapenda kusoma. Baadaye alimwoa msichana wa darasa letu, wakahamia Dar es Salaam, wakawa walimu huko mpaka leo.

Kwa muda mrefu tulisema, "Tutakwenda kuwaona," nasi hatukwenda. Udhuru wetu ulikuwa ni umbali. Nao umbali huo, mkiufikiri, umepungua sana. Zamani misafara ilikata nchi hii kwa miguu, siku baada ya siku. Kisha Wajerumani wakaanza kujenga reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, na Kigoma mwaka 1914. Kwa reli ile msafiri wa Dodoma hulala njiani. Mwaka 2024 ikaanza kazi reli mpya, ambayo upana wake ni milimita 1,435, hali ile ya zamani ni mita moja tu. Magari yake huvutwa kwa nguvu za umeme. Sisi tuliozoea kusema "gari la moshi" hatuna budi kutafuta jina jingine, maana moshi wenyewe haupo! Safari iliyokuwa ya usiku kucha sasa ni ya saa nne hivi. Basi udhuru wetu ukafa, tukabaki na uvivu tu, na uvivu hauna mtetezi.

Ijumaa jioni, vipindi vilipokwisha, tulipanda gari tukiwa na kikapu cha zabibu za Dodoma, na katika mkoba tulichukua barua moja. Barua hiyo Kengele alituandikia mwaka 2007, mara alipofika Dar es Salaam. Ndani yake alieleza jinsi alivyokwenda Kariakoo kununua viatu, akapatana bei kwa ujuzi mwingi, akajisifu njia nzima. Alipofika nyumbani akaona vyote viwili ni vya mguu wa kushoto. Tulikuwa tumeiweka miaka yote hiyo, na nia yetu ilikuwa kumpa aisome mwenyewe kwa sauti ile ya bwenini, tucheke pamoja.

Tulifika usiku. Kengele alikuwa amekuja kutupokea stesheni. Tulimwona mbele yetu, hatua kumi tu, amesimama chini ya taa. Tukampungia mikono. Akatutazama, kisha akageuza uso akatazama kwingine. Tulipomwita ndipo alipocheka na kutukumbatia, akasema, "Karibuni, wadogo zangu! Mmenenepa, nimewasahau." Tukatembea mpaka Gerezani kupanda basi la mwendokasi liendalo Kimara, naye njiani akaweka mkono wake juu ya bega la mmoja wetu. Tukadhani ni mapenzi.

Jumamosi tulitembea mjini. Tulikwenda Kivukoni, mahali wavuvi wanapouza samaki, tukala samaki wa kukaanga, tukatazama vivuko vikienda Kigamboni na kurudi. Kengele alizungumza na kuchekesha kama zamani. Lakini tuliona mambo madogo madogo. Mkewe alitangulia daima penye ngazi. Kengele aliposhuka, midomo yake ilitikisika kidogo, kama mtu anayehesabu. Alipomimina chai nyumbani, kikombe kilijaa hata kikafurika, na shemeji yetu akapangusa meza upesi bila kusema neno. Kila mmoja wetu aliona, na kila mmoja akanyamaza, akidhani mwenzake hakuona.

Usiku, baada ya chakula, shemeji aliweka mezani rundo la madaftari, akaanza kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Tulimwuliza, "Shemeji, nawe unafundisha darasa la sita siku hizi?" Akajibu, "La, mimi nina darasa la pili," kisha akainama juu ya kazi yake. Madaftari yale yalikuwa ya darasa la sita.

Hapo ndipo tulipotoa barua. Tukasema, "Kaka, hebu tusomee kitu hiki." Kengele aliipokea, akaifungua, akaishika mbali, akaishika karibu. Kisha akakohoa, akaanza kusoma kwa sauti ile ile nzuri: "Wapenzi wadogo zangu, salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, mvua zimeanza, na shule yetu ina watoto wengi . . ." Akaendelea hivyo mpaka mwisho, hata akataja tarehe. Barua ikaisha, na viatu havikutajwa. Hakuna neno hata moja alilolisema lililokuwamo katika karatasi ile, isipokuwa salamu.

Hatukucheka. Shemeji akaweka kalamu yake chini. Kengele alisikia ukimya wetu, akaikunja barua polepole, akasema, "Basi, mmejua."

Ndipo alipotueleza. Ukungu ulianza jicho la kulia, mwaka wa pili sasa. Kisha ukaja la kushoto. Taa za magari usiku zilimtawanyikia kama miali ya jua. Alibadilisha miwani mara mbili, haikufaa kitu. Alifundisha kwa kukumbuka, maana vitabu vya darasa lile alivijua kwa moyo. Mkewe alisahihisha madaftari, naye alikuwa amemkataza kumwambia mtu yeyote, kwa kuwa aliogopa kuondolewa kazini kabla ya wakati wake. Tena aliogopa hospitali. Jirani mmoja alimwambia kwamba daktari hulitoa jicho zima, hulisafisha, kisha hulirudisha, na pengine hulirudisha vibaya.

Tukamwuliza, "Mbona hukutuambia? Tumezungumza kwa simu kila mwezi." Akajibu, "Mliniuliza habari, nami nikasema njema. Simu haina macho."

Ndugu wasikilizaji, hofu ile ya jirani imeenea sana mijini na vijijini, kwa hiyo twaomba tuieleze kwa maneno machache. Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, mna lenzi ndogo iliyo angavu, na nuru hupita humo kama ipitavyo katika kioo cha dirisha. Mtu anapoendelea kwa umri, lenzi ile huweza kufifia, ikawa kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Ugonjwa huo huitwa mtoto wa jicho. Hauwapati wazee peke yao: kisukari huweza kuuleta mapema, pigo la jicho huweza kuuleta, na hata mtoto mchanga huweza kuzaliwa nao. Katika ulimwengu mzima hakuna ugonjwa upofushao watu wengi kuliko huo. Dawa ya matone haiuondoi, wala miwani haiutibu. Lakini daktari huweza kuuondoa. Hulitia jicho ganzi, hupasua mahali padogo sana, huitoa lenzi iliyofifia, na mahali pake hutia lenzi nyingine safi iliyotengenezwa na wanadamu. Jicho lenyewe halitoki mahali pake. Kazi hiyo kwa kawaida haifiki hata saa moja, na mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani siku ile ile.

Haya hatukumwambia Kengele kwa kusoma vitabuni tu. Mama wa mmoja wetu alitibiwa hivyo. Kesho yake, kitambaa kilipoondolewa, neno lake la kwanza lilikuwa kutukemea kwa ajili ya vumbi lililokuwa juu ya kabati.

Lakini tulimwambia na neno la pili, nalo ni zito. Si kila ukungu ni mtoto wa jicho. Upo ugonjwa mwingine wa shinikizo ndani ya jicho, ambao huiba nuru kidogo kidogo pasipo maumivu, na kilichoibwa hakirudi tena. Daktari aweza kuzuia kilichobaki tu. Mtu hawezi kujua kwa kukisia nyumbani ni upi alio nao. Ndiyo maana kungoja ni hatari, na kutia jichoni maji ya majani au dawa za kuokotwa ni hatari zaidi.

Kengele alisikiliza yote, akanyamaza kitambo. Tulidhani tumemshinda kwa hoja zetu, kumbe sivyo. Akasema, "Wadogo zangu, kupofuka naweza kukuvumilia. Lakini yupo mtoto mmoja katika darasa langu, hukaa nyuma. Juma lililopita mwenzake aliniambia kwamba mtoto huyo alikuwa akiinua mkono tangu shule ilipofunguliwa, nami simwiti. Sasa ameacha kuuinua." Akapangusa uso wake, akasema, "Jumatatu nitakwenda."

Jumapili tulirudi Dodoma mchana. Dirishani tuliiona Ruvu, kisha milima ya Uluguru, na mahandaki ya Kilosa ambamo gari huingia gizani ghafula na kutoka tena kwenye mwanga. Mwenzetu akasema, "Kama si kuja, tungalisikia tu kwamba amestaafu." Hatukuongeza neno, maana ilikuwa kweli.

Kengele alitimiza ahadi yake. Jumatatu asubuhi alimwendea mwalimu mkuu wake, akamweleza yote bila kuficha, naye akampa ruhusa. Daktari alimpima, akaona ni mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Jicho la kulia lilipasuliwa kwanza, na la kushoto likapangiwa siku yake. Baada ya majuma kadhaa tulipokea bahasha. Ndani yake mlikuwa na ile barua ya mwaka 2007, tuliyoisahau mezani kwake. Alikuwa ameisoma, naam, kwa maana alikuwa ameisahihisha yote kwa kalamu nyekundu: hapa amesahau nukta, pale amekosea upatanisho. Chini yake alijipa alama 7 kwa 10, akaandika: "Viatu nimevikumbuka. Yule mtoto wa nyuma ameinua mkono jana, nikamwita. Jibu lake halikuwa sahihi, lakini nilifurahi kama aliyepata yote."

Wanafunzi, mwalimu wenu akiwauliza maana ya methali isemayo "Mgeni njoo, mwenyeji apone", mtamjibu kwamba mgeni ajapo kuku huchinjwa, na wenyeji nao wakapata kula vizuri. Jibu hilo ni sahihi, nasi tumelifundisha miaka mingi. Lakini ipo na maana nyingine, nayo tuliipata Kimara. Wako watu wanaoficha maradhi yao kwa aibu, wengine kwa hofu ya kupoteza kazi, wengine kwa kutotaka kuwasumbua watoto wao. Wale wanaokaa nao wamekatazwa kusema, na walio mbali husikia sauti tu. Anayeona ni mgeni aliyekaa siku mbili mezani pao.

Kwa hiyo, ndugu zetu, kama mnaye rafiki wa zamani ambaye kila mwaka mwasema, "Tutakwenda kumwona," nendeni. Si lazima kikapu kijae. Kaeni naye ale mbele yenu, atembee mbele yenu, asome mbele yenu. Nanyi mnaotembelewa, msiwaambie wageni wenu "njema" kabla hamjafikiri kama ni kweli. Waswahili husema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ni heri aumbuliwe na rafiki, mezani, baada ya chakula.

Kwa herini, na usiku mwema.