Ukuta Kando ya Dari



Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aya ya 8, Mungu anaagiza kwamba ajengaye nyumba mpya azungushe ukuta kando ya dari, mahali ambapo watu wa siku zile walizoea kupumzika. Asipofanya hivyo, mtu akaanguka, damu yake itadaiwa kwa nyumba hiyo.

Tarehe 10 Machi 2019, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, ndege ya Shirika la Ethiopia iliondoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Baada ya dakika 6 ilianguka karibu na Bishoftu. Watu wote 157 walifariki, na 32 kati yao walikuwa jirani zetu wa Kenya. Ndege hiyo, Boeing 737 MAX, ilikuwa na umri wa miezi 4 tu. Nyingine ya aina hiyo ilikuwa imeanguka baharini huko Indonesia tarehe 29 Oktoba 2018, ikiwa na watu 189.

Uchunguzi ulionyesha kwamba mtambo wa kuinamisha pua ya ndege ulitegemea kipimo kimoja tu. Kipimo kilipokosea, mtambo uliisukuma ndege chini tena na tena, hali marubani wakihangaika kuiinua. Kipimo cha ile ya Indonesia kilikuwa kimepita katika karakana na kurekebishwa vibaya. Mwezi Januari 2021, kampuni ya Boeing ilikiri mbele ya serikali ya Marekani kwamba wafanyakazi wake wawili waliwadanganya wakaguzi juu ya mtambo huo.

Ndugu wapendwa, wengi wetu hatujapanda ndege. Lakini yupo kwetu fundi akazaye breki za pikipiki itakayombeba mama mjamzito usiku. Yupo mwashi apunguzaye saruji katika ukuta wa darasa. Yupo aliyechimba kisima akakiacha bila kifuniko. Jirani tunayeamriwa kumpenda ni pamoja na huyo tusiyemjua, aliyekabidhi maisha yake kwa kazi ya mikono yetu.

Nasi tusio mafundi tunahusika. Fundi akisema, "Bado, chombo hiki hakifai kutembea," tusimkaripie wala tusimtafute mwingine atakayetukubalia upesi.

Bwana atujalie uaminifu katika kazi aionayo yeye peke yake, na awape marehemu hao pumziko la milele. Amina.