MKUBWA WA KAZI NA SIHA YAKE
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Makambako)



Nimeombwa niseme machache juu ya siha ya mwili na moyo wa mtu aliyewekwa kuongoza wenziwe. Sikuja kama mganga, maana uganga sikusomea. Nimekuja kama karani mzee aliyepata kukosa, na kosa lenyewe nitalitaja kwanza, msije mkadhani nawahubiria.

Miaka kadhaa iliyopita nalikuwa mkubwa wa ofisi moja ambayo sitaitaja. Kijana mmoja, karani hodari, alitia barua katika jalada lisilo lake. Kosa lile lingesahihishwa kwa dakika tano. Mimi nikamkaripia mbele ya watu waliokuja na shida zao, nikamwita jina lisilofaa kuitwa mtoto wa mtu. Hakujibu. Aliinamisha kichwa akaendelea kuandika, na mwezi wa pili akaomba uhamisho. Tangu siku ile makarani waliobaki wakaacha kuniletea habari za makosa. Waliyaficha, na hesabu zikaharibika pasipo mimi kujua. Nalidhani naheshimiwa, kumbe naogopwa.

Je, hasira ile ilitoka wapi? Si katika barua. Usiku uliotangulia nalikuwa nimepata usingizi wa saa nne tu, baada ya kukaa kilabuni mpaka usiku mwingi. Na ndivyo zilivyokuwa siku zangu nyingi.

Mwaijua baridi ya Njombe, hasa mwezi wa Juni na Julai. Watu husema, nami nalisema, kwamba pombe hupasha mwili moto. Sivyo. Pombe huitanua mishipa iliyo chini ya ngozi, damu yenye joto ikaja juu, nawe ukaona umepata moto. Kumbe ndilo joto la ndani linakutoka. Na wakati wa mvua, mianzi inapogemwa, ulanzi nao una hila yake. Uliogemwa asubuhi ni mtamu na mpole, lakini hauachi kuchachuka ndani ya chombo. Kikombe cha jioni si ndugu wa kikombe cha asubuhi, ijapokuwa kipimo ni kile kile. Tena pombe humlaza mtu upesi, kisha humwamsha usiku wa manane, naye mtu mzima ahitaji usingizi wa saa saba au zaidi.

Baadaye nalipimwa shinikizo la damu. Kipimo cha juu kilipita 170, hali wataalamu huhesabu kuwa ni maradhi tangu 140 kwa 90, wala sikuwa nimeumwa kichwa hata siku moja. Nikapewa dawa, nikaambiwa chumvi ya siku nzima isipite kijiko kimoja cha chai, tena nitembee. Basi kila alfajiri nakwenda kwa miguu mpaka stesheni ya TAZARA na kurudi. Gari la moshi likichelewa, si neno, maana sisafiri.

Liko jambo jingine ambalo sisi wakubwa hulikwepa. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022-23 ulionyesha kuwa katika Mkoa wa Njombe watu wazima wenye virusi vya UKIMWI ni asilimia 12.7, na kwa nchi nzima ni 4.4. Katika hesabu hiyo wamo wengi walio hai kwa sababu wanakunywa dawa, na hilo si la kuonea haya. La kuonea haya ni mkubwa wa kazi kupanda basi kwenda kupimwa mji wa mbali, asionekane na karani wake. Tarehe 14 Julai, 2007, Rais Kikwete na mkewe Mama Salma walipimwa hadharani, watu wakitazama. Sisi twaficha cheo gani kikubwa kuliko chake?

Sasa nirudi kwa yule kijana. Mwaka jana nalipata habari kuwa yuko Njombe. Nikasafiri zile kilomita 60 hivi, nikamkuta ofisini kwake, naye sasa ana watu chini yake. Akaniamkia, “Shikamoo, mzee,” akaagiza chai. Nikamwomba radhi. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza, “Siku ile, mzee, ulikuwa umelala?” Nikamwambia la. Akasema, “Twalijua. Kila asubuhi twalisikiliza jinsi unavyofunga mlango, ndipo tukajua kama siku ile tukuletee barua au tungoje.”

Miaka yote ile nalidhani usiku wangu ni siri yangu.

Bwana Mwenyekiti, nimekwisha kuzungumza na mwuguzi mmoja, naye amekubali kuja Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi, pamoja na chombo cha kupimia shinikizo la damu. Kiti kitawekwa hapa mbele. Mimi nitakaa wa kwanza, na wakubwa wengine wa kazi naomba wanifuate kabla ya makarani wao.