Barza isibaki nyuma kijijini



Tumeombwa kusema juu ya utamaduni na amani. Wengi wakisikia utamaduni wanafikiri ngoma. Ngoma ni nzuri: Wahunde, Wanyanga, Wahutu na Wanande wakicheza fasi moja, watoto wanaona. Lakini ngoma inaisha jioni. Sisi tutasema juu ya barza, kwa sababu ndipo mambo ya mashamba yanakatwa, na bila shamba ni nani atarudi kwake kwa amani?

Nyinyi mnajua. Tangu vita vya Masisi mwaka 1993, mtu anakimbia, mwingine anaingia shambani mwake, na huyo pia mara nyingi amefukuzwa kwao. Karatasi hakuna. Sheria ya mwaka 1973 ilisema udongo wote ni wa Serikali, na haki za kimila zitapangwa kwa amri ya Rais. Miaka mingi ikapita, amri haikutoka. Basi cheti cha wengi wetu ni mashahidi. Kule Bushi, aliyetoa kalinzi, yaani ng'ombe au mbuzi ya kupewa shamba, aliitoa mbele ya watu, na watu hao ndio walikuwa karatasi yake.

Sasa mashahidi hao wanazeeka ugenini. Kambi za pembeni ya Goma zilipovunjwa Februari 2025, watu walitawanyika, wazee pamoja nao.

Kivu ya Kaskazini iliwahi kuwa na Barza ya makabila yote, tangu mwisho wa miaka ya 1990. Ilituliza mengi, kisha siasa ikaingia, ikasimama mwaka 2005. Kwa hiyo hatuombi barza ya wakubwa. Tunaomba ile ndogo, pale mlipo, iwe shuleni, kanisani au kwa jamaa. Mzee ataje mto, jiwe, mti uliopandwa mpakani. Kijana aandike. Jirani wa kabila lingine awepo asikie, na akikataa, kukataa kwake kuandikwe pia. Mama mjane naye aketi ndani, si nyuma ya nyumba akingoja habari. Desturi ilimnyima kiti. Desturi hiyo hatuilindi.

Daftari tumeleta. Kila shamba liandikwe mara mbili: daftari moja ibaki kwa kamati, ingine kwa yule jirani.